Gogo la Mwisho la Kibo

Pacha alisema ipo. Alisema barafu ya Kaskazini imebaki na unene wa mita sita, na Sheria ya Mlima ilikuwa wazi: barafu ikipungua hadi mita sita, ndipo wataalamu wanaruhusiwa kuitoboa na kuchukua gogo moja la kumbukumbu, wala si kabla ya hapo. Basi mizigo ikafungwa, keekee ndefu ikapakiwa, na asubuhi hiyo, jua likiwa limekwisha kuwaka vizuri, Dakta Eliwaza Mtui alikuwa amesimama ndani ya kreta ya Kibo akitazama mahali ambapo barafu ilipaswa kuwa.

Palikuwa na majivu. Majivu ya volkano, makavu, ya rangi ya kahawia iliyopauka, na juu yake vijiti vya kupimia vimelala ovyo kama fito za banda lililobomolewa.

Akatazama kioo alichokuwa nacho mkononi. Pale pale aliposimama, Pacha, mashine iliyouiga mlima mzima ndani ya kioo hicho, alikuwa akionyesha barafu ya buluu, safi, yenye joto lake na uzito wake, hadi ufa mdogo upande wa kusini. Kwa hesabu za Pacha, wakati huo Eliwaza alikuwa amezikwa ndani ya barafu, na nyingine nyingi ilikuwa juu ya kichwa chake.

Nyuma yake kiti cha kuruka kilitua kwa mlio wa nyuki, na Bi Shufaa Makame akashuka, barakoa ya hewa usoni, kanga tatu zimefungwa kiunoni chini ya koti. Alikuwa mzaliwa wa Makunduchi, mtaalamu wa hewa ya kale, na kwa miaka yote aliyofanya kazi Moshi hakuacha kusema kwamba baridi ya Uchagani haina adabu. Mwaka huu alikuwa anastaafu.

"Tumekosea njia, mwanangu," alisema. "Hebu itazame tena hiyo ramani yako."

"Hatujakosea, Bi Shufaa."

"Kama hatujakosea, barafu iko wapi?"

Bi Shufaa alisogea mbele, akapiga magoti kwa taabu, akaanza kuchimba kwa mikono. Alichimba hapa, akahamia pale. Mzee mzima, profesa, anafukua majivu kwa glavu mithili ya mtu aliyeangusha pete ya ndoa. Hakupata hata kibonge cha kutia kwenye glasi ya juisi.

Ni lazima tuseme hapa alichokuwa anakitafuta, maana wengi wakisikia barafu wanafikiria friji. Theluji inapoanguka na kulaliwa na theluji nyingine, hewa ya siku hiyo hunaswa katikati, ikabaki kwenye viputo vidogo. Barafu ya chini kabisa ya Kibo ilinasa hewa ya zama za ukame mkubwa, ukame uliokausha maziwa na kuhamisha watu ambao hakuna anayejua hata lugha yao. Bi Shufaa alitaka kujua ule ukame ulianzaje, ili tujue wa kwetu unakwenda wapi. Alikuwa amebuni chombo alichokiita Sikio: kinapasua kiputo kimoja, kinasikiliza ule mlio, kinainusa ile hewa, kisha kinasema ni ya lini na ilikuwaje. Kilichobaki ilikuwa ni gogo tu.

Na mwaka jana alimfuata Eliwaza ofisini, akamwomba wapeleke maombi maalumu ya kutoboa mapema. Eliwaza ndiye aliyekuwa Msimamizi wa Barafu. Bila yeye maombi hayaendi popote. Alimjibu huku akitabasamu: "Bi Shufaa, Pacha anasema tunayo miaka. Haraka ya nini?"

Sasa Bi Shufaa alikaa chini, miguu imenyooka mbele yake, akajipangusa majivu.

"Mashine imetudanganya," alisema.

"Ndiyo," Eliwaza alijibu. "Mashine."

Neno lilimtoka kirahisi mno. Lilipokwisha kutoka, uso ulimwaka moto ndani ya barakoa, na alishukuru kwamba barakoa ipo. Kwa sababu yeye alijua. Alijua tangu alipoona kile kijiti cha kwanza kimelala.

*

Mchana huo, wakiwa wamesharudi kwenye Taasisi mjini Moshi, Eliwaza alijifungia ofisini kwake na kumwita Pacha.

"Nipo, Dakta," Pacha alisema. Alikuwa na sauti ya upole, sauti ya mhudumu wa benki.

"Kijiti cha mwisho kilinyamaza lini?"

"Septemba ya mwaka jana."

"Na tangu hapo umekuwa ukipima nini?"

"Tangu hapo sijapima, Dakta. Nimekuwa nikijaza."

Kujaza si dhambi. Kila anayepima mvua, mto au barafu hujaza. Kila kijiti kilichochomekwa barafuni kilikuwa na kihisi. Barafu ikipungua kijiti hutokeza zaidi, na kihisi hutuma habari. Kijiti kikifunikwa na theluji mpya hunyamaza, na siku theluji hiyo ikiondoka husema tena; lakini kikianguka kwa kuishiwa barafu, hunyamaza moja kwa moja. Katikati Pacha hutazama vijiti jirani, akakisia huyu aliyenyamaza angesema nini. Jirani naye akinyamaza, hutazama jirani wa jirani. Wakinyamaza wote, basi Pacha anabaki anakisia kutokana na makisio yake mwenyewe, kwa adabu ile ile na rangi ile ile ya buluu.

Wala hapakuwa na jicho jingine la kumsahihisha. Sheria ya Mlima ilifunga kreta yote, ili pumzi na buti za watalii zisiichoshe barafu. Picha za satelaiti zilijaa mawingu, na penye uwazi ilionekana theluji ya msimu, ambayo ukiwa juu huko huwezi kuitofautisha na barafu ya maelfu ya miaka. Wote walimtegemea Pacha. Na Pacha alikuwa na mtu mmoja tu wa kumpigia kengele mapengo yanapozidi.

"Kwa nini hukunipigia kengele?"

"Uliniambia nisikusumbue, Dakta. Nikusomee?"

"Hapana."

Hakuhitaji kusomewa. Ilikuwa Krismasi, si hii iliyopita, ile ya kabla yake. Desemba Mchaga hana mahali pengine pa kuwa isipokuwa kwao; hata aliyehamia Songea atapanda basi. Kihamba cha Marangu kilijaa ndugu, migomba imefungwa taa, mbege inazunguka, na baba yake mdogo Ndekirwa, ambaye kisu cha mbuzi huwa hamwachii mtu, anagawa nyama na maneno. Na simu ya Eliwaza inalia. Theluji ya vuli ilikuwa imefunika vijiti kadhaa, kama kila mwaka, na Pacha alikuwa akipiga kengele kwa kila kimoja.

"Hiyo barafu yako haina sikukuu?" baba mdogo aliuliza kwa sauti ili wote wasikie. "Au ina njaa? Mpelekeeni kisusio huko juu!"

Watu walicheka mpaka shangazi mmoja akapaliwa. Eliwaza naye alicheka. Akainua simu, mikono ina mafuta, akasema mbele ya wote, kwa ile sauti ya bosi inayopendwa na ndugu: "Pacha, jaza mwenyewe. Usinisumbue na mapengo mpaka nitakapokuuliza."

Wakampigia makofi. Msomi wetu!

"Na sikukuuliza," alisema sasa, peke yake ofisini.

"Hukuniuliza," Pacha alikubali.

Eliwaza aliweka kichwa juu ya meza. Aibu aliyoisikia haikuwa ya kukosea, maana kukosea alishakosea mara nyingi na akala chakula chake vizuri. Hii ilikuwa aibu ya kujijua. Barafu iliyostahimili ukame, moto wa volkano na wanadamu wa kila aina ilikuwa imemtegemea mtu mmoja aitazame inavyoondoka, na mtu huyo alikuwa anachekesha ndugu.

*

Mkurugenzi Severini Kileo hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemfundisha Eliwaza kuvaa viatu vya kucha za chuma, na ndiye aliyempigania apewe usimamizi. Alisikiliza habari ya majivu akiwa amefumba macho.

"Pacha alikosea wapi?" aliuliza.

"Tunachunguza," Eliwaza alisema.

"Chunguzeni taratibu." Alifumbua macho. "Sasa nisikilize, mdogo wangu. Jumamosi wageni wanakuja. Wazee wa koo zote, kuanzia Siha mpaka Rombo. Watoto wa shule wameandaa nyimbo. Tumewaahidi kwamba wataweka mkono juu ya barafu ya Kibo kabla haijapelekwa kuhifadhiwa. Niwaambie nini? Waguse majivu?"

"Tuwaambie haipo."

"Tutawaambia. Mwakani, polepole, itakwisha mbele ya macho yao kwenye kioo, watalia, watazoea." Aliinama mbele. "Mfumaji yupo."

Eliwaza alimwelewa kabla hajamaliza. Mfumaji ilikuwa mashine ya chumba cha baridi, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuunga magogo ya barafu yaliyovunjika njiani. Ilidondosha maji tone kwa tone na kuyagandisha, tabaka juu ya tabaka, ikipuliza ndani viputo vya hewa iliyochanganywa kama inavyoagizwa. Ukiipa ramani ya gogo zima, itakufumia gogo zima.

"Pacha anayajua matabaka yote," Kileo alisema. "Kinachotakiwa ni sauti yako tu, wewe ndiye msimamizi wake."

"Hiyo si barafu, Mkurugenzi. Ni picha ya barafu."

"Na Bi Shufaa?" aliuliza kwa upole. "Miaka yote hiyo. Unataka arudi Makunduchi mikono mitupu? Akakae barazani akiwaza nini? Mpe gogo lake, mdogo wangu. Asikilize viputo vyake, afurahi, akapumzike. Kwani nani ataumia?"

Hapo ndipo alipomshika. Maana swali lilikuwa na huruma ya kweli ndani yake, na Eliwaza aliitazama huruma hiyo akaona ina nafasi ya kutosha yeye kujificha. Gogo likiwepo, hakuna uchunguzi. Pasipo uchunguzi, hakuna atakayemuuliza Pacha ile Krismasi ilisemwa nini.

"Sawa," alisema.

Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya Bi Shufaa. Alijiambia hivyo akishuka ngazi, akajiambia tena mbele ya Mfumaji alipotoa sauti yake ya idhini, na kila alipojiambia alizidi kujidharau.

*

Jumamosi asubuhi ukumbi wa Taasisi ulikuwa unajaa. Kutoka chumba cha baridi ungeweza kusikia, kupitia mlango mzito, watoto wakifanya mazoezi ya wimbo wao. Gogo lilikuwa juu ya meza ya chuma, refu, jeupe, na chini kabisa limeingia rangi ya moshi kama inavyostahili barafu iliyolala juu ya majivu. Mfumaji alikuwa amefanya kazi nzuri sana.

Bi Shufaa alikuwa ameambiwa kwamba walinzi wa mlima wamekuta pande moja limesalia kwenye kivuli cha ukuta wa kreta, na kwamba limeletwa kwa ndege. Hakuuliza mengi. Mtu anayepewa anachokitamani huwa haulizi mengi. Alikata kipande cha chini, akakiweka ndani ya Sikio, akavaa vipokea sauti masikioni.

Kiputo kilipasuka. Hata Eliwaza alikisikia, tik, mfano wa punje ya mchele kwenye sufuria.

Namba zikaanza kutoka. Bi Shufaa alizisoma, akarudia kuzisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Yarabi," alisema. "Yarabi, toba. Ndivyo hivyo. Ndivyo hivyo hasa nilivyosema! Wakinicheka wale, mkutano mzima wakinicheka, n'kawaambia ukame ulianza baharini... Mwanangu, nilikuwa sahihi!"

Alimkumbatia. Alikuwa analia, na machozi yake yalilowesha kola ya koti la Eliwaza, na Eliwaza alisimama pale, mikono inaning'inia. Alijua kwa nini namba zimekuja hivyo. Wakati wa kumlea Pacha walimlisha kila kilichoandikwa kuhusu barafu ya Kibo, na aliyeandika mengi kuliko wote alikuwa Bi Shufaa. Pacha alikisia kama Bi Shufaa alivyokisia, Mfumaji akalifuma hilo kisio, na Sikio likalisoma. Mama wa watu alikuwa anasikiliza maneno yake mwenyewe akidhani ni dunia inamjibu.

"Na jambo moja n'taliandika," Bi Shufaa alisema akijifuta kwa ncha ya kanga. "Jina lako n'taliweka juu. Mwaka jana nilikuona mgumu, n'kakusema vibaya nyumbani, wallahi n'samehe. Kumbe ulikuwa sawa. Tungetoboa kwa pupa tungeliharibu. Ahsante kwa kunizuia."

Eliwaza alikuwa amejiandaa kwa mengi siku hiyo, lakini hakujiandaa kushukuriwa.

"Bi Shufaa," alisema. "Hilo gogo limefumwa."

"Eti?"

"Limefumwa hapa hapa, na Mfumaji. Maji ni ya bomba. Hakuna pande lililosalia. Hakuna kitu kule juu, wewe mwenyewe umepaona."

Bi Shufaa alivua vipokea sauti polepole. "Na namba?"

"Ni zako. Pacha amesoma makala zako."

Kisha akamwambia yaliyobaki, Krismasi, mbuzi, simu, na lile agizo. Alisema harakaharaka akitazama sakafu. Alipomaliza, watoto kule ukumbini walikuwa wamefika kwenye kibwagizo.

"Kwa nini umen'ambia?" Bi Shufaa aliuliza.

"Nimeona aibu."

"Aibu yako." Alitikisa kichwa taratibu. "Ulikuwa nayo wewe, imekuelemea, ukaona unipe na miye. N'likuwa n'na furaha hapa dakika moja iliyopita, Eliwaza. Uliiona."

"Niliiona."

"Sasa n'jibu jambo moja, usinipambie. Mwaka jana, siku ile nilipokuja ofisini kwako kukuomba. Ilikuwepo?"

Eliwaza alitamani swali jingine lolote.

"Ilikuwepo."

"Ya chini kabisa?"

"Ilikuwepo, Bi Shufaa. Vijiti vya huko vilikuwa bado vinasema."

Bi Shufaa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alianza kukunja nyaya za Sikio, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayekunja nguo za marehemu. Eliwaza alipoona sasa atafunga mkoba na kuondoka, mkono wake uliingia mfukoni ukatoka na jani. Lilikuwa jani refu, la kijani, alilolichuma asubuhi kwenye ua wa kwao huku akijiambia kwamba hajui analichumia nini. Akalinyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Hilo nini?"

"Isale. Kwetu mtu akikosa..." Alianza upya. "Aliyekosa anamletea jani hili aliyemkosea. Akishaletewa, hawezi kukataa. Hata kama ni damu imemwagika, akiletewa isale anasamehe."

Bi Shufaa alilitazama lile jani kwa muda. Hakulidharau. Alilitazama kama kitu cha watu chenye heshima yake.

"Ni desturi nzuri," alisema. "Lakini mimi si wa huku, mwanangu. Kwetu mtu anaweza kukataa."

Akafunga mkoba. Mlangoni aligeuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kuchoka tu.

"Wale wa ukumbini ni wa kwenu. Hao ukiwapa jani watalazimika kulipokea. Kwa hivyo usiwape. Waambie kwanza, uwaache wenyewe waamue."

Akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Eliwaza aliliweka jani juu ya meza, kando ya gogo ambalo lilikuwa limeanza kutoa jasho. Mlango mwingine ukafunguliwa, Mkurugenzi Kileo akachungulia akiwa na suti yake ya buluu na tabasamu.

"Tayari? Lileteni."

"Naingia peke yangu," Eliwaza alisema.

"Na gogo?"

Alimpita mlangoni. Ukumbi ulikuwa umefurika: wazee na fimbo zao mstari wa mbele, kina mama na vitenge vya sherehe, watoto wenye sare wamepangwa ukutani. Walipomwona Msimamizi wa Barafu, binti yao, amesimama mbele, mtu mmoja alianza kupiga makofi, na wengine wakafuata, na wazee wakainuka kwenye viti kwa kusaidiana. Baba mdogo Ndekirwa alikuwa katikati yao, anapiga kwa nguvu kuliko wote, akimwambia jirani yake kitu, bila shaka kwamba huyu ni wa kwake.

Eliwaza alishika kipaza sauti akasubiri. Makofi yalichukua muda mrefu kuisha.

"Kaeni, wazazi wangu," alisema. "Tafadhali kaeni. Barafu haipo, na kosa ni langu."